Vita Vikipendeza Machoni

Je, yafaa mtu atoke kutazama sinema ya vita huku akisema, "Ilikuwa nzuri sana"? Twauliza kwa sababu neno hilo tumelisikia mara nyingi, na sisi wenyewe tumelisema. Filamu tunayoifikiria ni ile iitwayo "1917", iliyotengenezwa na Mwingereza Sam Mendes na kutolewa mwaka 2019. Twaipenda. Tumeitazama zaidi ya mara moja, na mtu akituita leo kuitazama tena tutakwenda. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba hapa ataletewa maonyo ya kukataza sinema. Maonyo ya namna hiyo yalikwisha kutolewa sana zamani, na vijana wakaenda sinema vile vile.

Kwa wale ambao hawajaiona, kisa chenyewe ni chepesi. Ni tarehe 6 Aprili 1917, kaskazini mwa Ufaransa. Wajerumani wamerudi nyuma kwenye ngome mpya waliyoitayarisha, na Waingereza wengine wadhani kwamba adui amekimbia. Kikosi kimoja chenye watu 1,600 kiko tayari kushambulia alfajiri ya kesho yake, nacho kitaingia mtegoni. Nyaya za simu zimekatwa. Askari wawili vijana, Blake na Schofield, wapewa barua ya jenerali waivushe katika nchi iliyoachwa na adui na kuifikisha kabla ya shambulio. Kaka yake Blake yumo katika kikosi hicho. Basi, kisa chote ni hicho. Babu yake Mendes, Alfred Mendes, mtu wa Trinidad, alipigana vita hivyo upande wa Waingereza, na masimulizi yake ndiyo yaliyompa mjukuu wazo la picha hii.

Lakini watu hawakuisifu kwa ajili ya kisa. Waliisifu kwa ajili ya macho. Mpiga picha wake, Roger Deakins, aliipiga kwa namna ambayo yaonekana kama picha moja isiyokatwa, isipokuwa pale Schofield anapozimia na giza likatanda. Kwa kweli ni vipande vingi vilivyounganishwa kwa ustadi, na kirefu kuliko vyote hakifiki dakika tisa. Kamera haiwaachi vijana wale hata kidogo. Wakiinama, nayo yainama. Wakipita matopeni penye mizoga ya farasi, nasi twapita. Mahandaki yalichimbwa kwa kupimwa na mazungumzo ya waigizaji, ili maneno na njia viishe pamoja. Deakins alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2020, na kwa maoni yetu aliistahili.

Kuna mahali pamoja ambapo hatuna budi kukaa kidogo. Schofield aamka usiku katika mji uliobomolewa. Fataki za kumulikia zapaa angani kisha zashuka polepole, na vivuli vya kuta zilizovunjika vyatembea juu ya ardhi kama mishale ya saa. Ili kuvipata vivuli hivyo, watengenezaji walijenga kwanza mfano mdogo wa magofu yale, wakajaribu taa juu yake wapate kujua kila kivuli kitaangukia wapi. Halafu, ng'ambo ya uwanja, kanisa lawaka moto. Rangi yake ni kama ya jua likizama. Mbele ya moto latokea umbo la mtu, wala hujui kama ni rafiki au adui. Muziki wa Thomas Newman wapanda, na moyo wapanda nao. Ndugu msomaji, hapo ndipo panapopendeza kuliko pengine pote katika filamu hiyo, na kinachopendeza ni kanisa linaloteketea! Sisi tunaojua bei ya bati moja la kuezekea, ambao tumepitisha bakuli Jumapili baada ya Jumapili kwa ajili ya paa, tulikaa vitini tukastarehe.

Jambo hili si jipya. Plato, mwanafalsafa wa Uyunani, amesimulia habari za mtu mmoja jina lake Leontius. Siku moja alikuwa akipanda kutoka bandarini kwenda Athene, akaona maiti za watu waliouawa kwa hukumu zimelala kando ya ukuta. Alitamani kuzitazama, na wakati huo huo alijichukia kwa kutamani. Akashindana na nafsi yake, akajifunika uso. Mwisho akashindwa, akayakodoa macho, akazikimbilia zile maiti, huku akiyatukana macho yake mwenyewe na kuyaambia yashibe basi kwa tamasha hilo zuri. Wazee wetu walilisema jambo hilo kwa maneno machache zaidi: macho hayana pazia.

Naye Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliligusa karibu zaidi. Alipokuwa mwanafunzi Karthago alipenda mno michezo ya kuigiza, hasa ile ya kuliza. Baadaye alijiuliza: kwa nini mtu apende kuona huzuni ambayo mwenyewe asingetaka impate? Tena hiyo ni huruma ya namna gani, ikiwa mtazamaji haitwi kumsaidia mtu, bali aitwa kusikitika tu? Kadiri asikitikavyo ndivyo amsifuvyo mwigizaji. Asiposikitika hutoka akinung'unika kwamba amepoteza fedha zake. Tumeyasoma maneno hayo tukajikuna kichwa. Machozi tuliyoyatoa kwa ajili ya Blake tulikuwa tumeyalipia mlangoni.

Augustino asimulia pia juu ya rafiki yake Alypius, ambaye wenzake walimvuta kwa nguvu mjini Roma kwenda kutazama watu wakiuana kwa upanga mbele ya umati. Aliapa kwamba ataufikisha mwili tu, macho atayafumba. Akayafumba kweli. Lakini umati ulipopiga kelele akayafumbua mara moja, na tangu hapo hakutaka kuyafumba tena. Hata akawa yeye ndiye anayewavuta wengine. Twaona kisa hicho ni cha haki kuliko hoja nyingi za wataalamu. Mfaransa François Truffaut, aliyekuwa mtengenezaji wa filamu, alisema mwaka 1973 kwamba hadhani amepata kuona filamu inayopinga vita kweli kweli, kwa kuwa kila filamu ya vita mwisho wake huvitukuza. Alypius angemwelewa.

Je, mashtaka hayo yaiangukia "1917"? Twataka kuitetea kidogo. Kuna mtu atakayesema ni mchezo tu, damu yake ni rangi. Huyo hatutamjibu, maana hata yeye alilia. Utetezi wetu ni mwingine. Katika filamu hiyo Blake anachomwa kisu na rubani Mjerumani ambaye yeye na mwenzake wametoka kumwokoa katika ndege iwakayo moto. Anakufa mbele yetu, na kamera haigeuki. Katika sinema nyingine picha ingekatwa, tukaonyeshwa mawingu, kisha tukarudishwa amekwisha kufa. Hapa twabaki. Dakika zapita. Uso wa kijana wapauka kidogo kidogo hata wawa kama karatasi, naye auliza kama anakufa, na mwenzake hawezi kumdanganya. Wale waliopata kukaa na mgonjwa usiku wa mwisho wataitambua rangi ile. Twaamini kwamba kama picha ingekuwa mbaya, ya kuchukiza tangu mwanzo, tungekuwa tumekwisha kugeuza nyuso zetu kabla ya hapo. Uzuri ndio uliotushika mkono ukatufikisha penye kifo, ukatuzuia tusikimbie. Kwa hiyo hatukubali kwamba uzuri ni adui.

Tena filamu yenyewe haidanganyi kuhusu ushindi. Schofield afikisha barua, lakini watu wa safu ya kwanza wamekwisha kutoka handakini. Kanali asimamisha shambulio kwa uchungu, kisha asema kwamba wiki ijayo itakuja barua nyingine yenye amri tofauti. Watazamaji wengi hawalikumbuki neno hilo. Sisi twalikumbuka, labda kwa sababu ya kuitazama mara nyingi.

Shaka yetu ni upande mwingine, nayo haihusu kile kilichomo katika picha bali kilichokosekana. Jicho hupenda mtu mmoja, mwenye uso, mwenye njia, anayekwenda mahali. Mpe jicho mtu wa namna hiyo na mwanga mzuri, nalo litamfuata saa mbili nzima na kumkumbuka mwaka mzima. Wasio na uso wala mwanga halina habari nao. Na mwaka ule ule wa 1917 vita vile vile vilikuwa hapa kwetu.

Masika ya mwaka huo mto Rufiji ulifurika, na majeshi ya pande zote mbili yakakwama katika maji na njaa. Mwezi wa Oktoba kulikuwa na mapigano ya siku nne huko Mahiwa, bara ya Lindi, ambayo upande wa Waingereza peke yake uliumizwa na kuuawa watu zaidi ya 2,000. Lakini bunduki hazikuwa ndizo zilizoua wengi. Waliokufa wengi walikuwa wapagazi: wanaume waliochukuliwa vijijini, Unyamwezi na Ukambani na Nyanza na kwingineko, wakatwishwa masanduku ya risasi na magunia ya unga, mzigo wa kilo 25 hivi, wakatembezwa mamia ya maili. Waliuawa na kuhara damu, na malaria, na baridi ya mvua, na unga wasiouzoea ambao hawakupewa muda wa kuuivisha. Hesabu za serikali ya Uingereza zenyewe zilipita 40,000, na wanahistoria wengi waona idadi ya kweli yakaribia laki moja. Kanisa letu linayo kumbukumbu yake katika jambo hilo: Askofu Frank Weston wa Zanzibar mwaka 1916 alikusanya kikosi cha wapagazi wa Unguja, akavuka nao bara akaongoza mwenyewe.

Nani awaonaye leo? Katikati ya Dar es Salaam lasimama sanamu la askari, lililowekwa mwaka 1927, ameinama mbele na singe yake tayari. Lapendeza, watalii hulipiga picha. Mpagazi hana sanamu hapo, anayo jina la soko tu. Kariakoo yatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na wengi wanunuao vitunguu pale hawajui kwamba wamelitamka jina la wafu. Nairobi walifanya vizuri zaidi, kwa kuwa katika sanamu tatu zilizowekwa mwaka 1928 mmoja ni mpagazi. Hata hivyo makaburi yao hayajulikani. Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwa maandishi kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa wakilitumikia jeshi la Uingereza katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Askari wa Ulaya aliyepotea alichongewa jina lake juu ya jiwe. Kwa mpagazi ilionekana haina haja.

Hatusemi kwamba Mendes amekosa. Yeye alisimulia habari za babu yake, na kila mjukuu ana haki hiyo. Twasema tu kwamba jicho lililofundishwa kulia kwa ajili ya kile kinachong'aa laweza kupita Kariakoo kila siku likiwa kavu, wala lisijione kwamba ni gumu, maana jana lililia sana mbele ya Schofield.

Basi, je, na wapagazi watengenezewe filamu? Tulipoanza kuzungumza hivyo, wengi walisema ndiyo mara moja. Kisha tukajaribu kuiwaza. Kamera imfuate mpagazi dakika tisa bila kukata. Atembea. Mvua yanyesha. Atua mzigo, aingia kichakani kwa sababu ya tumbo, arudi, ajitwisha tena. Hana barua mfukoni, wala hakuna kikosi kitakachookoka kwa kufika kwake. Akifika atapewa sanduku jingine. Tena twajua jinsi fundi kama Deakins angeipiga ile mvua ya Rufiji: ingekuwa kama fedha iliyoyeyuka, na misitu nyuma yake kijani kibichi, na mstari wa watu wenye mizigo vichwani ukiakisiwa majini. Tungeipenda sana mvua hiyo, na huenda tungemsahau aliyekuwa akilowa.

Yuko mzee mmoja mtaani kwetu ambaye babu yake alikwenda na mizigo akapotea. Siku moja baada ya ibada tulimsalimu tukamweleza haya yote, habari za Schofield na fataki na kanisa liwakalo, kisha tukamwuliza kama angependa habari za babu yake zipigwe picha namna hiyo. Alifikiri kwa kitambo. Akasema, "Wapige, wanangu. Ila wasitie muziki."

Tumelizungumza jibu hilo mara nyingi tangu siku ile. Tukikumbuka lile kanisa na jinsi mioyo yetu ilivyopanda, hatuna hakika kama sisi wenyewe, bila muziki, tungekaa vitini hadi mwisho.