Talaka Haifuti Saini

Kwenye vikao vya kuachana tunahesabu mali kwa bidii: kiwanja, mabati, vitanda, hadi masufuria. Tangu Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipoamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, hata kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango katika mali hiyo. Ni haki iliyopatikana kwa jasho. Madeni, hata hivyo, bado hayaulizwi.

Jirani yangu, mama wa genge, alipewa talaka yake mahakamani akadhani yameisha. Kisha akaja afisa mikopo. Mume wa zamani alikuwa ameacha kupeleka marejesho ya mkopo wa duka la vipuri, na karatasini lilikuwamo jina la mama huyu.

Watu walimwambia hadaiwi, maana ndoa haipo. Wengine wakasema anadaiwa kwa kuwa alikuwa mke. Wote walikosea. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mke humiliki mali yake, huingia mikataba yake na hushtakiwa kwa jina lake. Kuolewa peke yake hakumfanyi mtu awe mdaiwa wa biashara ya mwenzake. Kinachomfunga ni alichosaini, na hapo ndipo wanawake wengi wanapoumizwa.

Kifungu cha 59 cha sheria hiyo kinakataza nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Ni kinga njema. Lakini mezani kwa mkopeshaji fomu ya ridhaa hukaa katika lundo moja na mkataba wa udhamini, na sauti ni ileile: “Saini hapa, mama, na hapa.” Anayetoa ridhaa ameruhusu nyumba iwe dhamana; mkopo ukishindikana, nyumba inaweza kuuzwa, ila yeye mwenyewe hafuatwi kwa salio. Mdhamini anadaiwa kama mkopaji, hadi genge lake na akiba yake ya kikoba. Kumsainisha mtu bila kumweleza tofauti hiyo ni dhuluma, na sioni sababu ya kuiita jina jingine.

Madeni ya unga, sukari na dawa za watoto yana njia yake. Sheria humchukulia mke kuwa na mamlaka ya kukopa mahitaji ya lazima kwa jina la mumewe, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Na wakati wa kugawana mali, kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote wawili. Lakini itayaangaliaje ikiwa hakuna aliyeyataja?

Hata yakitajwa, mkopeshaji hakuwa sehemu ya shauri la talaka. Mahakama ikisema mume alipe, yeye bado anaweza kumfuata mdhamini, naye akishalipa ndipo aanze kumdai mtalaka wake. Ndiyo maana nawasihi wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi, masheikh, wachungaji na wazee wa familia: siku ya kwanza ya kikao, mikataba ya mikopo iletwe mezani pamoja na hati ya kiwanja, na mkopeshaji aombwe, wangali wote wawili wanapatikana, kumwondoa mdhamini na kumbakiza mwenye duka peke yake.