Kiganja Kikianza Kuwaka, Weka Pedi Chini

Pedi za zamani zinarudi, ndugu msomaji. Kijana wa Bagamoyo leo hahitaji kumiliki mashine ya gemu ya Nintendo 64. Akipata pedi ya mashine hiyo kwa jamaa au kwenye mitumba, na adapta ndogo ya USB, ataichomeka kwenye laptopu, atafungua programu inayoiga ile mashine, na gemu za miaka ya 1990 zitacheza mbele yake. Ni burudani nzuri na sina neno nayo. Lakini pedi hiyo ina kisa chake, na kisa hicho kiliumiza watoto. Naona wengi wanaoitafuta sasa hawajawahi kukisikia.

Nintendo 64 ilianza kuuzwa Japani mwezi Juni 1996. Pedi yake ina mikono mitatu, na kwenye mkono wa katikati kuna kijiti kigumu cha plastiki. Kichwa cha kijiti hicho kimebonyea kidogo na kina mistari iliyoinuka, ili kidole gumba kisiteleze. Kwa kidole gumba ni kifaa salama kabisa.

Desemba 1998 ikatoka gemu ya mashine hiyo iitwayo Mario Party. Watu wanne huketi pamoja, wanarusha dadu, wanatembea kwenye ubao, na katikati wanashindana katika michezo midogo. Mmoja wa michezo hiyo ni kuvuta kamba, mtu mmoja dhidi ya watatu. Sisi tunaujua mchezo huu kutoka shuleni na kwenye mashindano ya Mei Mosi, ila pale kamba huvutwa kwa kuzungusha kijiti. Anayezungusha kwa kasi zaidi ndiye anayeshinda. Yule aliye peke yake anawakabili watatu, kwa hiyo hana budi kuzungusha bila kupumzika.

Haukupita muda wachezaji wakagundua kwamba kidole gumba kinachelewa. Wakakiacha. Wakaweka katikati ya kiganja juu ya kijiti, wakakandamiza, wakasaga. Kasi ikaongezeka na ushindi ukapatikana. Hapo ndipo kosa lilipoanza, na lilianza likiwa na sura ya werevu.

Naomba tukae kidogo kwenye dalili, maana zilikuwepo tangu mwanzo. Kwanza kiganja hupata joto. Kisha huwa chekundu, na ukigusa maji unahisi kuwaka. Halafu hutokea lengelenge, nalo likipasuka ngozi inachubuka na kuacha kidonda. Mvuvi wetu anayevuta kamba ya jarife anaijua njia hiyo hatua kwa hatua, na akihisi joto la kwanza hubadilisha mshiko. Mtoto aliye kwenye gemu habadilishi. Shindano lenyewe ni la sekunde chache tu, kwa hiyo linakwisha kabla maumivu hayajamfikia vizuri. Halafu dadu zinarushwa, anapumzika kidogo, anajiona amepona, na kamba inarudi tena. Wenzake wanacheka, naye haoni sababu ya kuwa wa kwanza kulalamika. Hata mtu mzima katika hali hiyo angeendelea. Mimi na wewe tungeendelea.

Malalamiko yakafika katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Eliot Spitzer. Yalikuwa takriban 90: malengelenge, michubuko, hata ngozi kuchanika. Machi 2000 kampuni ya Nintendo ikakubaliana na ofisi hiyo kuwapa wenye gemu hiyo glavu za kukinga kiganja, hadi glavu nne kwa kila nyumba. Wamarekani wapatao milioni 1.2 walikuwa na haki ya kuziomba, na gharama ilikadiriwa kuweza kufika dola milioni 80. Kampuni ililipa pia dola 75,000 kwa ajili ya gharama za jimbo. Fikiria, mzazi, fedha zote hizo kwa jambo ambalo lingezuiwa kwa sentensi moja: usitumie kiganja.

Sentensi hiyo ilikuja kuandikwa. Novemba 2022 Nintendo ilipoirudisha gemu hiyo katika huduma ya mtandaoni ya mashine yake ya Switch, iliambatanisha onyo kwamba kijiti kisizungushwe kwa kiganja, kwa usalama wa ngozi na wa kijiti chenyewe. Lakini anayecheza kwenye kompyuta kwa programu ya kuiga haoni onyo hilo. Faili alilopewa kwenye flashi halina boksi wala kijitabu. Adapta inamletea kijiti kile kile na mchezo ule ule, na glavu hazimo. Ndiyo maana kisa cha zaidi ya miaka 20 iliyopita bado kinatuhusu.

Tena pedi inayotufikia sasa imezeeka. Vijiti vya Nintendo 64 husagika ndani: plastiki inasuguana na plastiki, unga mweupe unajitokeza kwenye shina, kijiti kinalegea. Kikilegea hakifiki tena mwisho wa mwendo wake, na mhusika kwenye skrini anatembea polepole ingawa umesukuma hadi ukingoni. Huku pwani upepo wa chumvi huongeza kutu kwenye sehemu za chuma. Mchezaji akiona pedi haitii, anaongeza nguvu. Tafadhali, usiongeze nguvu. Unga mweupe ni dalili, na kulegea ni dalili.

Kompyuta inatupa nafuu ambayo watoto wale hawakuwa nayo. Programu nyingi za kuiga zina mipangilio ya pedi, ambapo unaweza kuongeza wepesi wa kijiti ili msukumo mdogo utoshe. Ifungue kabla ya kuanza kucheza. Wakati wa kuchomeka adapta usiguse kijiti, kwa sababu pedi hii huchukua mahali kilipo wakati inapopata umeme kuwa ndiyo katikati, na ukikishika utapambana na pedi iliyopinda saa nzima. Kijiti kilichosagika kinabadilishwa. Ukishindwa kupata kipya, tumia pedi ya kisasa.

Na wenye watoto, waiteni baada ya mchezo muwatazame viganja. Kiganja kikiwa chekundu, pedi iwekwe chini hadi kesho. Lengelenge lisipasuliwe; likiwa kidonda, kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni na kifunikwe, na kikivimba au kutoa usaha mtoto apelekwe zahanati. Mchezo wa kuvuta kamba uchezwe kwa kidole gumba tu, hata kama mtoto atashindwa kila mara. Kwenye Mario Party ile ile kuna makumi ya michezo mingine ambayo haihitaji kusaga kijiti.