Bibi Mwenye Hadithi Si Mwanga

Wajukuu zangu wa Pongwe, nawasikia mkinong'ona kuwa bibi fulani ni mwanga. Kafanya nini? Anajua majani, anajua habari za mizimu ya mapango ya Amboni, anaishi peke yake, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Tuhuma hiyohiyo, kwa macho hayohayo, imewatoa roho vikongwe wengi huko Usukumani. Chungeni ndimi zenu.

Wazee wetu, Wadigo, Wabondei na Wasegeju, walijua kumtofautisha anayetibu na anayedhuru. Mwaka 1928 serikali ya Mwingereza ikatunga Sheria ya Uchawi, ambayo leo ni Sura ya 18 ya sheria zetu. Ndani ya maana ya uchawi ikatia hata kudai tu kuwa una elimu ya mambo ya siri. Anayedhuru watu ashikwe, sina ubishi. Lakini kwa maana pana kiasi hicho, bibi mwenye dawa zake naye yumo.

Waingereza wenyewe walifuta sheria yao ya uchawi mwaka 1951. Mwaka 1954 Gerald Gardner akatoa kitabu kilichoueleza uchawi kuwa dini ya kale ya Ulaya, na dibaji akaiandika Margaret Murray, mwanamke aliyeieneza fikra hiyo tangu 1921. Wanahistoria wameikataa hoja yake, ila dini iliyochipuka hapo ingalipo, na wafuasi wake hujiita wachawi kwa hiari yao. Kikongwe wa kwetu nani alimuuliza?

Yupo mwanamke mwingine wa zama zile ninayemheshimu zaidi, Alice Werner. Alizunguka pwani ya Kenya kati ya 1911 na 1913, baadaye akafundisha Kiswahili London, na mwaka 1933, umri umepita miaka sabini, akatoa kitabu kikubwa cha visa vya Wabantu. Leo wangapi wanamtaja? Na kama yeye kasahauliwa, itakuwaje wale bibi ambao hadithi zao zimejaa vitabuni bila majina yao? Mwana Kupona tunamjua kwa kuwa alimuusia bintiye kwa utenzi, yapata 1858, na utenzi ukaandikwa. Wasimulizi wa ukumbini hawakupata bahati hiyo.

Bibi yangu akifika penye wimbo wa zimwi alikuwa akinyamaza, akatema tambuu, akangoja sote tuimbe. Tusipoimba, zimwi halitoki pangoni. Bibi huyohuyo asubuhi alichemsha kivumbasi, mtoto mwenye mafua akafukizwa chini ya kanga. Kuna mtu wa kumwita huyo mwanga mbele yangu?

Basi nendeni kwa bibi zenu kabla hawajaondoka. Simu mnazo. Toeni shikamoo, kaeni mkekani, msimkatize. Muulizeni hadithi aliipata kwa nani, na huyo alikuwa mtu wa wapi, kisha andikeni majina yote mawili juu kabisa, kabla ya hadithi yenyewe. Dawa akizitaja, andikeni kama alivyosema, msiongeze uganga wenu. Akifika kwenye mambo ya unyago, wavulana watoke bila kunung'unika. Wasichana wabaki, na simu izimwe mpaka mwenyewe aseme iwashwe.