Shujaa, na Swali la Aliyemweka Pale

Wiki iliyopita nimemaliza kusoma The Outpost, kitabu cha Jake Tapper, mwandishi wa habari wa Marekani, kilichotoka mwaka 2012. Filamu yake ya 2020 wengi wenu mmeiona. Mimi nilianza na filamu, nikaipenda kama mtu anavyopenda filamu ya vita: mabomu, vumbi, watu wanakimbia. Kitabu ndicho kilichoniharibia usingizi. Chenyewe kinaanza mbali, miaka kadhaa kabla ya mapigano, na kinauliza hao watu walifikaje mahali kama pale.

Mahali penyewe ni Kambi ya Keating, wilaya ya Kamdesh, mkoa wa Nuristan, mashariki mwa Afghanistan. Wamarekani waliijenga mwaka 2006 chini kabisa ya bonde, milima imeizunguka. Huhitaji kupita chuo cha kijeshi kuliona tatizo. Aliye juu ya mlima anamwona hata anayekwenda chooni.

Alfajiri ya tarehe 3 Oktoba 2009, wapiganaji wapatao 300 waliishambulia kutoka huko juu. Ndani kulikuwa na Wamarekani hamsini na kitu, pamoja na wanajeshi wa Afghanistan ambao wengi wao waliacha nafasi zao mapema. Kituo kidogo cha ulinzi kilichokuwa mlimani, kilichotakiwa kuwasaidia wa chini, nacho kilishambuliwa muda huohuo. Adui aliingia mpaka ndani ya uzio. Majengo mengi yaliteketea kwa moto. Wamarekani 8 walikufa.

Na hapo ndipo wanatokea watu wawili. Clinton Romesha, sajenti, alijificha nyuma ya jenereta akipambana na wenye bunduki ya rashasha. Roketi ikaipiga ile jenereta, vipande vikamchoma mwilini. Hakwenda kulala. Alikusanya watu watano, akaongoza kazi ya kuirudisha kambi mikononi mwao, kisha akapita kwenye risasi kuwafuata wenzake waliouawa ili miili yao isibaki kwa adui. Ty Carter yeye alikimbia mara mbili kwenye uwanja wa wazi, kama mita 100, kuwapelekea wenzake risasi. Baadaye akatoka tena kumfuata askari aliyejeruhiwa, akambeba. Askari yule alifariki usiku huo akiwa kwenye upasuaji. Mwaka 2013 wote wawili walivishwa Nishani ya Heshima, ambayo kwa jeshi la Marekani hakuna iliyo juu yake.

Sasa sikiliza sehemu ya pili. Uchunguzi wa jeshi lenyewe ulisema kwamba kufikia katikati ya 2009, kuishikilia ardhi ile hakukuwa na faida yoyote ya kivita. Mpango wa kuifunga kambi ulikuwepo tayari, ila ulicheleweshwa kwa kuwa vifaa vya kuhamisha watu vilipelekwa kwingine. Siku chache baada ya mapigano, Wamarekani waliondoka, halafu wakaipiga mabomu kambi yao wenyewe. Yaani kile walichokifia wenzao, wakakifuta.

Kwa hiyo swali langu ni hili: ushujaa wa kulinda kitu kisicho na thamani, una thamani gani?

Jibu rahisi la kwanza ni la wanasiasa: ushujaa ni ushujaa, tupige saluti, yaishe. Jibu rahisi la pili ni la sisi wajuaji wa mitandaoni: walikuwa wanatumika tu, hakuna shujaa hapo. Nimejaribu kukaa na majibu yote mawili na hakuna linalonitosha.

La pili linaanguka haraka. Carter hakukimbia kwa ajili ya Nuristan. Alikimbia kwa sababu kulikuwa na watu upande wa pili wa uwanja ambao risasi zilikuwa zinawaishia. Maisha yao yalikuwa na thamani, hata kama ardhi waliyosimama haikuwa nayo. Mtu anaweza kupelekwa vitani kwa sababu mbovu, akafika huko akafanya jambo zuri.

Lakini la kwanza nalo lina shimo. Kama kumpenda mwenzako na kutoogopa kufa kunatosha, basi hata wale waliokuwa mlimani walikuwa mashujaa, maana nao waliendelea kusogea huku ndege zikiwapiga. Tukikubali hivyo, ushujaa unakuwa kama nguvu za mwili: mwema anao, na mwovu anao. Ndiyo maana Aristotle alisisitiza kwamba jasiri ni yule anayesimama mbele ya hatari kwa ajili ya jambo lililo jema, si kila asiyeogopa.

Kuna mazungumzo ya Plato yanayoitwa Laches. Socrates anawauliza majenerali wawili ujasiri ni nini. Laches anajibu bila kusita: ni kubaki kwenye nafasi yako na kutokimbia. Hilo ndilo jibu la Keating. Socrates anamwonyesha kuwa halitoshi, kwa sababu wapo wanaopigana vizuri huku wakirudi nyuma, na uvumilivu usio na busara unaweza kuwa madhara matupu. Mwenzake, Nicias, anasema ujasiri ni maarifa, kujua kipi cha kuogopa na kipi si cha kuogopa. Mazungumzo yanaisha bila jibu. Ila historia ina kejeli yake. Ni Nicias huyuhuyu ambaye mwaka 413 kabla ya Kristo, kule Sicily, alichelewesha kuliondoa jeshi la Athens kwa sababu mwezi ulipatwa. Jeshi zima likaangamia.

Nadhani kosa letu ni kutafuta ujasiri na busara ndani ya mtu mmoja. Jeshini kazi hizo zimegawanywa. Aliye chini anadaiwa ujasiri. Aliye juu anadaiwa busara. Romesha alilipa deni lake, na la wengine pia. Nishani yake ni halali kabisa, lakini haimfutii mtu mwingine deni.

Hili si la Wamarekani peke yao. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani ya Semuliki, eneo la Beni huko Kongo, ilishambuliwa. Wanajeshi wetu wa JWTZ wasiopungua 14 waliuawa. Tofauti ipo: wale walikwenda kulinda raia, na hilo ni jambo jema. Lakini nakumbuka majeneza yalipofika Dar es Salaam, na nakumbuka nilivyoandika. Neno "mashujaa" lilikuwa kwenye kichwa cha habari, aya ya kwanza na aya ya mwisho. Lilikuwa neno la kweli. Pia, kusema ukweli, lilinisaidia. Baada ya kuliandika sikuuliza kambi ilikuwa imelindwaje, wala msaada ulichukua muda gani kufika. Nilihisi kuuliza ni kuwakosea heshima marehemu.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wengi tunaisoma methali hii kama ushauri wa kukimbia. Siku hizi naisoma kama taarifa tu: kilio kitafika nyumbani kwa mtu fulani, kwa mama, kwa mjane, na hao wana haki ya kuuliza kwa nini. Kuwaulizia ndiyo kazi yangu, na mwaka ule sikuifanya.