Mzazi Asiachwe Peke Yake

Katika miji yetu mikubwa, Nairobi na Dar es Salaam miongoni mwayo, imeanza kuonekana kazi ambayo bibi zetu wasingeiita kazi. Mwanamke aliyepata mafunzo hulipwa ili akae na mjamzito tangu uchungu unapopamba moto mpaka mtoto anapowekwa kifuani. Huyo huitwa dula. Hapimi njia, hazalishi, hachomi sindano, wala hana mamlaka yoyote juu ya matibabu. Humkanda mzazi mgongo, humpa maji, humweleza kinachoendelea, humtia moyo, na zaidi ya yote haondoki. Wanandoa wanaofikiria kumwajiri huanza kwa kuulizana kuhusu gharama, lakini nyuma ya gharama kuna swali zito zaidi, ambalo wakwe na wazee wa dini huliuliza kwa sauti ya chini: je, ni sawa kulipia huruma? Jambo ambalo mama, dada, shangazi na jirani walilitenda kwa upendo, likiwekewa bei, linabaki lile lile? Naamini swali la ujira ni la pili. La kwanza ni la deni. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu anaidai jamii yake mtu wa kukaa naye. Ndugu wakishindwa kulilipa deni hilo, kumwajiri mtu wa kulilipa ni jambo jema, ila kulilipa kwa mkono wa mwingine hakuwapi waliobaki ruhusa ya kulisahau.

Tuone kwanza jinsi deni hili lilivyoacha kulipwa. Zamani zisizo mbali, mzazi wa pwani au wa bara alijifungulia nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi na wanawake wa ukoo. Waliokuwapo walikuwa wengi, lakini daktari hakuwapo, wala damu ya kuongezewa, wala chumba cha upasuaji, na kwa kukosa hivyo wanawake wengi walipoteza maisha. Uzazi ulipohamia hospitalini, roho ziliokolewa. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 63 ya uzazi ulifanyika katika vituo vya afya. Kufikia utafiti wa mwaka 2022, kiwango hicho kilikuwa asilimia 81. Makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi katika tafiti hizo mbili yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Asiyefurahia mabadiliko hayo hawatakii mema wanawake. Hata hivyo, katika kuhama huko mzazi aliingia ndani, na wanawake wake wakabaki getini na chupa ya uji. Sababu zinaeleweka. Leba nyingi za umma ni ukumbi mmoja, vitanda vimekaribiana, mapazia ni haba, na kumwingiza ndugu wa huyu ni kumvunjia yule stara yake. Muuguzi mkunga naye ana wazazi kadhaa kwa wakati mmoja, hivyo hawezi kukaa kwa mmoja wao. Hakuna aliyekusudia mzazi aachwe peke yake. Ilitokea hivyo, ikazoeleka, na kwa kuwa imezoeleka tunadhani ndivyo inavyopaswa kuwa.

Je, alichokipoteza mzazi getini kina uzito? Ushahidi unasema kinao. Mwaka 1991, madaktari walioongozwa na John Kennell walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya katika hospitali ya umma mjini Houston, Marekani. Wanawake 412 waliokuwa wakijifungua kwa mara ya kwanza waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Wa kundi la kwanza walipewa dula, aliyekaa nao, akawashika mkono na kuzungumza nao. Wa kundi la pili waliwekewa mwanamke aliyekaa chumbani akiandika alichokiona, asiwasemeshe hata neno. Kundi la tatu, lililoongezwa kwa ajili ya ulinganisho, lilipata huduma ya kawaida tu. Waliofanyiwa upasuaji katika kundi hilo la kawaida walikuwa asilimia 18. Katika kundi la dula walikuwa asilimia 8. La kushangaza zaidi ni kundi la yule aliyekaa kimya: asilimia 13. Tahadhari inafaa, kwa sababu kundi la tatu halikupatikana kwa kura kama yale mengine. Lakini tafiti zilizofuata hazikuliangusha wazo kwamba kuwapo kwa mtu humsaidia mzazi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyokusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi 17, yalionyesha kwamba mzazi mwenye mtu wa kukaa naye wakati wote huelekea kujifungua kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wake huwa mfupi kidogo, na huwa na hisia mbaya kuhusu uzazi wake kwa nadra zaidi. Karibu na kwetu, nchini Botswana, jaribio dogo lililochapishwa mwaka 1999 liliwahusisha wanawake 109. Waliosindikizwa na ndugu wa kike, asiyekuwa na utaalamu wowote, walijifungua kwa njia ya kawaida kwa asilimia 91, dhidi ya asilimia 71 ya waliokuwa peke yao.

Hapa ndipo falsafa inapoingia, maana matokeo hayo yanahitaji maelezo. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na walisema kweli: hakuna awezaye kuubeba uchungu wa mwenzake hata kwa dakika moja. Sasa aliyekaa kando anafanya nini hasa? Sehemu ya jibu iko mwilini. Mtu mwenye hofu hutoa adrenalini, na adrenalini ikizidi huweza kudhoofisha mikazo ya mji wa mimba. Anayeituliza hofu, basi, anausaidia mwili kufanya kazi yake. Sehemu iliyobaki iko ndani zaidi ya mwili. Maumivu na upweke ni mambo mawili. La kwanza haligawanyiki. La pili huondoka pale tu mtu mwingine anapokuwapo. Mzazi aliyeachwa peke yake ana mizigo miwili, na mmoja kati yake hakupewa na maumbile bali ameupata kwa watu.

Kurani inalionyesha jambo hili kwa uwazi wa ajabu katika Sura Maryam. Bibi Maryamu anashikwa na uchungu akiwa peke yake kwenye shina la mtende, na anafikia kutamani kwamba angalikufa kabla ya hayo. Mwenyezi Mungu, muweza wa kila kitu, angeweza kumwondolea maumivu kwa neno moja. Haikusimuliwa kwamba aliyaondoa. Kilichosimuliwa ni sauti iliyomwita kutoka chini yake ikimwambia asihuzunike, ikamwonyesha kijito cha maji, ikamwelekeza kuutikisa mtende ili apate tende mbivu, ale, anywe, na atulie. Wafasiri wamehitilafiana kama sauti ile ilikuwa ya Jibrili au ya Isa mwenyewe, lakini hawakuhitilafiana kwamba ilikuwa rehema. Ukiitazama rehema hiyo kwa makini, utakuta imejumuisha maneno ya faraja, maji, chakula na maelekezo. Hayo ndiyo mambo ambayo mwanamke mmoja anaweza kumpa mwenzake aliye leba. Anayesema kwamba mcha Mungu hahitaji mtu pembeni na amtegemee Mola wake tu, na aisome tena sura hiyo: hata yule aliyeteuliwa juu ya wanawake wa ulimwengu aliliwazwa.

Ikiwa faraja hiyo ni haki ya mzazi, ni wajibu wa nani? Fikihi ya Kiislamu ina dhana inayolingana vizuri na swali hili, nayo ni faradhi kifaya: wajibu wa jamii nzima ambao wachache wakiutekeleza wengine wamesalimika, na wote wakiuacha wote wamekosa. Imamu al-Ghazali aliihesabu elimu ya tiba kuwa miongoni mwa faradhi hizo. Mfano unaojulikana na kila mtu ni maiti. Katika miji yetu maiti haoshwi, hakafiniwi wala hazikwi peke yake. Watu huja bila kuitwa, hata asiyemjua marehemu hushika jeneza hatua chache. Jamii inayomhudumia hivyo mtu asiyesikia tena inawezaje kumwacha peke yake mwanamke anayesikia kila kitu? Wakristo hawatahitaji neno la Kiarabu kuielewa hoja hiyo. Injili ya Luka inasimulia kwamba Mariamu, alipopata habari za mimba ya jamaa yake Elisabeti, alifunga safari hadi milimani na kukaa naye kama miezi mitatu. Hakuwa mkunga, wala hakuwa na dawa. Alikwenda kuwapo.

Turudi sasa kwenye ujira, tukiwa tumeshajua deni ni la nani. Pingamizi ni kwamba huruma ikilipiwa huacha kuwa huruma. Pingamizi hili lina heshima yake, kwa kuwa linatoka kwa watu wanaoogopa dunia ambamo kila kitu kina bei. Lakini vitabu vitakatifu vyenyewe havikuuogopa ujira. Katika kitabu cha Kutoka, mama yake Musa anamnyonyesha mwanawe mwenyewe na kulipwa ujira na binti wa Farao. Hakuna msomaji aliyewahi kudhani kwamba ujira ule ulimpunguzia mapenzi. Kurani inawaamuru wanaume wawalipe wake waliowataliki wanapowanyonyeshea watoto, na inaruhusu kumpa mtoto mnyonyeshaji mwingine kwa sharti la kumlipa kwa wema. Bi Halima Saadia, aliyemlea Mtume Muhammad utotoni, alitoka katika kabila ambalo wanawake wake walifika Makka kutafuta watoto wa kunyonyesha kwa malipo. Ujira hununua muda: usiku ambao dula ameacha watoto wake, nauli aliyolipa alfajiri, siku aliyokosa kazi nyingine. Moyo anaokuja nao haununuliki, na hilo lafaa kujulikana na anayelipa na anayelipwa. Anayesisitiza kwamba huduma hii lazima iwe ya bure, mara nyingi bila kujua, anataka mwanamke maskini aitoe kwa hasara yake.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanaosema kwamba uchungu ni hukumu iliyotajwa katika Mwanzo, sura ya tatu, hivyo kuupunguza ni kushindana na Mungu. Hoja hii si ngeni. Daktari James Young Simpson alipoanza kutumia klorofomu kwa wazazi mjini Edinburgh mwaka 1847, alilazimika kuandika kijitabu mwaka huo huo kujibu pingamizi za kidini. Papa Pius XII naye, Januari 1956, alieleza kwamba njia za kuondoa maumivu ya uzazi hazipingani na Maandiko. Zaidi ya hayo, sura hiyo hiyo inamwambia mwanamume atakula kwa jasho la uso wake, na hakuna anayemkataza mkulima kutumia trekta au kuita majirani wamsaidie kuvuna. Wanaohofia stara nao wana jibu rahisi. Mwanamke anayekaa na mwanamke mwenzake hamvunjii stara. Humlinda, ikiwa ni pamoja na kumfunika pale wengine wanaposahau. Mume mwenye uwezo wa kuwapo na aliyeruhusiwa hana sababu ya kujiona amefukuzwa, kwani dula mwema humfundisha namna ya kumshika mkewe.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni la madaktari: faraja haizuii kutoka damu wala kifafa cha mimba, na fedha kidogo ya familia ni heri iende kwenye nauli ya hospitali. Nakubaliana nalo kabisa. Dula anayemshawishi mzazi akwepe hospitali, akatae dawa au achelewe kwenda kituoni ni hatari, na hafai kuajiriwa hata bure. Lakini pingamizi hilo linapanga tu kipaumbele, halifuti deni. Mwaka 2018, Mahakama Kuu mjini Bungoma, Kenya, iliamua kwamba haki za mwanamke aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya umma mwaka 2013 zilikiukwa, ikaamuru alipwe fidia. Uamuzi huo unatufundisha kwamba kutoka hospitalini ukiwa hai ni sehemu tu ya haki ya mzazi. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, limetaka kila mwanamke awe na mwenzi aliyemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua. Kila mwanamke, bila kutaja kipato chake. Majimbo ya Oregon na Minnesota nchini Marekani yamelipia dula kupitia bima ya umma ya watu wa kipato kidogo, na mkoani Kigoma, Tanzania, vituo tisa vya serikali vilishiriki majaribio ya kuwaruhusu wenzi wa uzazi kuingia leba. Kwa hiyo anayesema kwamba hii ni anasa ya matajiri ameona kweli dalili ya ugonjwa, lakini si ugonjwa wenyewe. Faraja imegeuka anasa pale tulipowafungia mlango wasioweza kulipia mlango mwingine.

Kwa anayetakiwa kuamua, mpangilio uwe huu. Kwanza, mjamzito mwenyewe aulizwe ni nani anayemtaka, maana huyo ndiye mwenye deni la kudai. Kama ni mama, dada au rafiki, familia ifunge safari na iulize hospitali mapema taratibu za kumruhusu. Kama wako mbali, wamekufa, au hawawezi, dula aajiriwe bila haya, kwa ujira uliokubaliwa waziwazi, baada ya kuhakikisha anajua mipaka yake na anaheshimu wakunga na madaktari. Na mwenye uwezo wa kuajiri asiishie hapo. Misikiti na makanisa yanayochangia majeneza na sanda yanaweza pia kuchangia mapazia ya leba na kuwaandaa wanawake wa kukaa na wasio na mtu. Wewe unayesoma, kama jirani yako ni mjamzito na hana ndugu mjini, mwambie leo kwamba siku yake ikifika utakwenda naye.