Mgunga na Chungu Wake

Katika darsa yetu ilizuka hoja kwamba mwenye kumpa mwenziwe makao na riziki hana la kulaumiwa, maadamu mwenziwe ameridhia. Ndugu mmoja akaleta mfano wa mti na chungu. Mfano ule ni mzuri kuliko alivyodhani, ila hauisaidii hoja yake.

Katika Meksiko na Amerika ya Kati uko mgunga wenye miba minene iliyovimba mfano wa pembe za ng'ombe. Chungu huitoboa miba hiyo wakakaa ndani na kulea watoto wao. Mti huwatolea maji matamu kwenye vikonyo vya majani, na katika ncha za vijani huwatolea vitonge vidogo vyenye mafuta na protini. Nao huulinda usiku na mchana: mnyama akija kula majani humdunga, na mmea utambaao ukiusogelea mti huukata. Thomas Belt aliyaeleza haya mwaka 1874 baada ya kuyaona Nikaragua. Mwaka 1966 Daniel Janzen akaeleza jinsi alivyowaondoa chungu katika miti huko Meksiko, na miti ile ikaliwa na wadudu na kusongwa na mimea mingine. Kufikia hapo hatuoni dhulma; kila mmoja amhitaji mwenziwe.

Lakini ifuate habari hadi tumboni mwa chungu. Sukari kama ya miwa haimfai mlaji mpaka ivunjwe kwanza mwilini mwake. Chungu wa mgunga huu, akiwa mtoto, anayo nguvu ya kuivunja. Akiwa mkubwa hana. Mwaka 2014 Martin Heil na wenziwe walieleza sababu: katika maji matamu ya mti mna kitu kinachoizuia nguvu hiyo. Mti wenyewe humpa sukari iliyokwisha kuvunjwa, kwa hivyo haoni upungufu wowote. Ila akishakunywa mara ya kwanza, sukari ya mti mwengine haimfai tena.

Mti hauna nia, basi haulaumiwi. Mtu ana nia. Nasi twamjua tajiri ampaye mvuvi chombo, nyavu na posho ya nyumbani kabla samaki hawajavuliwa; deni haliishi, wala mvuvi hawezi kumuuzia mwengine. Muulize mvuvi, atakwambia, "Namshukuru, hunilisha." Ni kweli hulishwa. Lakini ridhaa hiyo yaulizwa baada ya kukosa pengine pa kwenda, nayo ilipasa kuulizwa kabla ya tone la kwanza.

Wala wenye darsa tusijitoe. Yuko mwalimu ambaye mwanafunzi wake, baada ya miaka kumi, hawezi kufungua kitabu bila yeye, naye hulihesabu jambo hilo kuwa ni mapenzi.

Niliposema haya, yule ndugu alinijibu kwamba chungu mwenye njaa, hata angejua, angekunywa. Hilo sikuweza kulipinga.