Haki ya Kucheka: Beni, Utani na Kofia ya Mkubwa

Wahenga walionya kuwa mzaha mzaha hutumbuka usaha. Onyo hilo ni zito, kwa kuwa halimkatazi mtu kucheka. Lamtaka ajue kwamba chini ya kicheko huenda pana kidonda, na mkono unaotekenya waweza pia kutonesha. Kwa hiyo swali la kimaadili juu ya mzaha si iwapo watu wacheke au wasicheke. Watacheka tu. Swali ni nani ana haki ya kumcheka nani, na kwa masharti gani.

Jamii nyingi za Tanzania zililipatia swali hili jawabu kabla ya kalamu kulishughulikia. Jawabu hilo ni utani. Babu humtania mjukuu, shemeji humtania shemeji, binamu humtania binamu. Na katika njia za misafara ya karne ya 19, Mnyamwezi aliyeteremka pwani na Mzaramo aliyempokea wakawa watani. Mtani huruhusiwa kutamka ambalo ndugu hathubutu. Hata msibani anaweza kumwigiza marehemu, sauti yake na mwendo wake, na kudai fedha ndipo mazishi yaendelee. Lakini uhuru huo una nguzo tatu. Kwanza, ni wa pande zote mbili: anayetania leo atataniwa kesho. Pili, ni mwiko kukasirika, kwa kuwa mipaka yajulikana. Tatu, mtani ana wajibu: huyo huyo afanyaye mzaha ndiye hushika jembe kaburini na kuwahudumia wafiwa. Kicheko chake kimelipiwa kwa jasho.

Jawabu hilo latosha pale watu walipo sawa, au wanapokubali kuwa sawa kwa muda. Je, panapokosekana usawa? Mtumwa na bwana si watani. Mtawaliwa na mtawala mgeni si watani. Hapo mzaha wa mnyonge hauna idhini ya anayechekwa, na mzaha wa mwenye nguvu hauna wa kuujibu. Katika pengo hilo ndipo inapofaa kuitazama upya historia ya beni.

Beni ilizuka katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zikiwa miongoni mwa chimbuko zake. Jina lenyewe latokana na bendi, yaani bendi za tarumbeta na ngoma kubwa zilizofuatana na majeshi na manowari za Wazungu, na ile ya Wagoa waliompigia Sultani wa Zanzibar. Vijana wa mitaani waliziona bendi hizo zikipita kwa mikogo, wakaunda zao. Walivaa sare, wakapiga gwaride, wakapeana vyeo: mfalme, jenerali, admeri, daktari. Mombasa palishindana Kingi na Scotchi. Katika miji ya Tanganyika wakashindana Marini na Arinoti. Mwanahistoria Terence Ranger aliifuatilia safari hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1975, akaonyesha jinsi ngoma moja ya pwani ilivyoenea hadi bara, ikapita mipaka na kuingia Malawi na Zambia za leo.

Ili kuelewa utamu wa mchezo huo, na uchungu wake, yafaa kukitazama kisiwa cha Mafia. Mwaka 1890 Mafia iliangukia kwa Wajerumani katika mapatano waliyoafikiana na Waingereza, na kisiwani hapakuulizwa mtu. Wajerumani walikaa Chole, kisha mwaka 1913 wakahamishia makao yao Kilindoni, penye maji ya kina. Januari 1915 Waingereza wakakiteka kisiwa, wakakifanya kituo cha kuisaka manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Ndege ziliruka kutoka Mafia kuwaelekeza wapiga mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaangamia. Mwaka 1922 kisiwa kikaunganishwa na Tanganyika chini ya Waingereza. Mtu aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1890 aliishi chini ya bendera tatu kabla ya kutimiza arubaini na tatu, kuanzia ya Sultani, ikaja ya Kaisari, kisha ya Kingi. Kila bendera ilikuja na vyeo vyake, saluti zake na kodi zake, na kila moja ilijitangaza kuwa ya kudumu.

Mtu wa namna hiyo akimwona kijana wa beni amejiita Kaisari, amevaa koti lenye vifungo vya shaba, anawakagua askari wake wasio na bunduki, hucheka kwa sababu anajua jambo. Anajua kuwa cheo ni vazi. Kaisari wa kweli naye alivuliwa lake mwaka 1918.

Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyoisambaza beni kuliko jambo jingine. Waingereza peke yao waliwakusanya wapagazi wapatao milioni moja katika mapambano ya Afrika Mashariki, na waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, walizidi 90,000. Jina la Kariakoo, katika jiji la Dar es Salaam, ni ukumbusho wa kikosi chao. Walionusurika walirudi makwao na maarifa ya gwaride, na beni ikawa chombo chao. Wenzao wakicheza nao walisaidiana pia: kumpokea mgeni mjini, kumuuguza mgonjwa, kumzika aliyefia ugenini. Kama mtani kaburini, mchekeshaji alikuwa pia mchimbaji.

Wapo walioiona beni kuwa ni aibu. Hoja yao ni kwamba anayeiga humtukuza anayeigwa; kijana aliyejiita jenerali amekiri moyoni kuwa jenerali ndiye mtu, na yeye si kitu mpaka afanane naye. Hoja hii si ya kupuuzwa. Kuna kuiga kwa kasumba, ambako mtu hujifuta ili mwingine aonekane ndani yake. Lakini historia ya mavazi pwani yataka tahadhari. Zamani za utumwa, kofia na viatu havikuwa nguo tu, bali alama ya uungwana aliyonyimwa mtumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, waliokuwa watumwa waliharakia kuvaa kofia, kanzu na kanga si kwa kuwatukuza mabwana, bali kwa kutangaza kuwa alama zile hazina mwenyewe. Vazi aliloweza kulivaa kila mtu halikuweza tena kumtenga mtu. Sare ya beni yaweza kusomwa vivyo hivyo. Ikiwa kijana wa mtaani anaweza kuwa admeri kuanzia alasiri hadi magharibi, basi uadmeri haukuumbwa pamoja na ngozi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo latoka ndani ya utani wenyewe. Mtawala hakuwa mtani. Hakukubali kuchekwa, wala hakuijua mipaka ya mchezo. Je, si dhuluma kumcheka asiyeridhia? Jawabu ni kwamba idhini haidaiwi na aliyeikanyaga. Aliyekitwaa kisiwa bila kuwauliza wakaaji wake hawezi kudai aulizwe kabla ya watu kuiga mwendo wake. Utani hutaka ridhaa ya pande zote kwa sababu pande zote zina heshima sawa ya kulinda. Upande mmoja unapojitwalia heshima yote, kicheko cha upande wa pili ni kudai sehemu ya mali iliyoporwa. Na ni dai la kistaarabu: halimwagi damu, halichomi nyumba, na linamwachia mkubwa nafasi ya kujiona na kujirekebisha.

Watawala wenyewe hawakujua waipokee vipi. Baadhi yao waliiona beni kuwa mchezo wa watoto, ishara kwamba wenyeji wameupenda ustaarabu mpya. Wengine, baada ya vita, waliichunguza kwa shaka, wakihofu kuwa ni chama cha siri. Kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli. Mwaka 1935 wachimba madini wa Copperbelt, katika Zambia ya leo, waligoma kwa sababu ya kodi. Huko Luanshya polisi walifyatua risasi, wakauawa watu sita. Tume iliyoundwa kuchunguza ililipima pia suala la Mbeni, kama ngoma hiyo ilivyoitwa huko. Ngoma haikuleta mgomo. Kodi ndiyo iliyouleta. Lakini watu waliozoea kukusanyika na kutii kiongozi waliyemchagua wenyewe hawakuwa tena kundi la kuswagwa. Kwa hiyo si kweli kwamba kicheko hupoza tu hasira na kumwacha mkubwa alale salama. Yategemea wanaocheka wamejifunza nini pamoja.

Mpaka hapa beni yaonekana haina doa. Lakini mwenye kuisifu kwa haki hana budi kuitazama iliposhuka chini. Marini walijigamba kuwa watu wa mjini, na mara nyingi Arinoti walidharauliwa kama watu wa kuja, wapagazi na vibarua. Kejeli ile ile iliyompanda jenerali ikamgeukia mbeba mzigo. Mombasa, vyama vya lelemama vya wanawake, kama Ibinal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa nyimbo zilizofichua siri za majumbani. Wimbo wa namna hiyo ulikuwa mahakama isiyo na wakili: ulimrudi mkosaji, lakini ulimwaibisha pia asiye na hatia, na asiyekuwa na chama hakuwa na pa kujibia.

Visiwani jambo hili lina uzito wa pekee. Mafia ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya minazi, na minazi hiyo ilitunzwa na watumwa. Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilipitishwa mwaka 1922, mwaka ule ule kisiwa kilipounganishwa na bara. Sheria hufuta hadhi. Haifuti jina la utani. Neno moja la mzaha juu ya asili ya bibi wa mtu laweza kuishi kijijini vizazi vitatu, likahudhuria kila posa na kila ugomvi wa shamba. Anayelitamka husema, ‘natania tu’. Lakini je, huyo anayetaniwa ana neno la kurudisha lenye uzito sawa? Kama hana, huo si utani. Ni utumwa unaoendelea kwa njia ya kicheko.

Hata Uingereza, nchi ambayo beni iliigiza gwaride lake, ina watu wa chini waliogundua jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1979, katika mji wa Sunderland ulioishi kwa kuunda meli, ilianzishwa bendi ya Toy Dolls chini ya mpiga gitaa Michael Algar, ajulikanaye kwa jina la Olga. Ilikuwa zama za muziki wa panki, wa vijana wenye ghadhabu waliopiga kelele dhidi ya wakubwa. Hawa walichagua kuchekesha. Walivaa miwani ya vikaragosi, wakaimba mikasa ya majirani, na mwaka 1984 wakapanda hadi nafasi ya nne katika chati ya Uingereza kwa wimbo wa watoto juu ya tembo aliyetoroka sarakasi. Miaka minne baadaye viwanda vya meli vya Sunderland vikafungwa. Bendi haikuweza kuviokoa, wala haikudai hivyo. Iliwafanya watu wa mji uliodharauliwa wacheke bila kumtafuta mnyonge mwingine wa kumkanyaga, kwa kuwa wa kwanza kuchekwa jukwaani walikuwa wao wenyewe.

Zanzibar nako, beni iliyobaki imehifadhi hekima hiyo katika jina tu. Kundi lililosifika katika harusi na maandamano ya mjini huitwa Mbwa Kachoka. Mpigaji amevaa sare kama ya jeshi, tarumbeta inang’aa, ngoma kubwa inatikisa vichochoro, na mwenye mambo yote hayo amejiita mbwa, tena aliyechoka. Aliyekwisha kujishusha hivyo haogopwi na mtoto wala kizee. Ndiyo maana bibi harusi hufuatwa na mtaa mzima, na tajiri hucheza bega kwa bega na mchukuzi.

Basi masharti ya haki ya kucheka hayakupotea. Yalihama kutoka utani yakaingia beni, na yangali yanadai kutimizwa. Anayecheka aanze na nafsi yake. Akimcheka mkubwa, na acheke cheo, asimtukane mtu kwa maumbile yake, maana hujafa hujaumbika. Akimcheka wa sawa naye, akubali kurudishiwa. Akitaka kumcheka aliye chini yake, na anyamaze, au kwanza amshike mkono na kumpandisha mpaka walingane, ndipo wataniane. Na wa kila namna akumbuke wajibu wa mtani: siku ya msiba, yule aliyechekesha sana ndiye atakayetazamiwa ashike jembe.